Do Hukaa Kushoto

Baba yangu alikufa akiamini kwamba ana watoto wanne. Mimi ni wa tano. Watu wakisikia hivyo hudhani nilizaliwa nje ya ndoa, au tuligombana akanikana, na mimi huwa sina subira ya kuwaeleza, maana maelezo ni marefu na wao wanataka mafupi. Alinijua usoni mpaka mwisho. Nikimwosha aliniita jina langu, Shimwa, akalalamika maji ni ya baridi. Lakini Jumapili ile alipotuhesabu mbele ya familia nzima, mimi sikuwemo, na wiki ile ile tukamzika. Aliyenitoa kwenye hesabu ni mimi mwenyewe.

Aliitwa Appolinaire, mwalimu wa korali. Kwetu Kongo, kwenye milima ya juu ya Uvira, alichunga ng'ombe wiki nzima na Jumamosi akafundisha kuimba. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, ng'ombe hawakuwepo, ikabaki korali na kashamba ka mahindi. Kinanda hakuwa nacho. Watu wasiojua kusoma aliwafundisha solfa kwa mikono, akiwawekea sauti hewani mbele yake: do kwenye mkono wake wa kushoto kabisa, halafu re, mi, fa, akisogea kwenda kulia kama mtu anayepanga vikombe mezani. Ukimwambia kwamba sauti zinapanda, alikukatalia. Alisema sauti zinatembea, tena zinatembea kuelekea kulia, sawasawa na namba. Kichwani mwake moja na do vilikaa sehemu moja, mbili na re vikafuatana navyo. Nilipoanza shule nikamwambia kwamba mwalimu wetu hajasema namba zina mahali pa kukaa, akanitazama kwa huruma, kana kwamba wametuletea mwalimu kipofu.

Sisi watoto alituita kwa sauti hizo. Eliane, mkubwa wetu, alikuwa Do. Ezira alikuwa Re, Georgette Mi, Cyiza Fa, na mimi kitinda mimba nikawa Sol. Kabla ya chakula tulikaa kwenye benchi kwa kufuata kuzaliwa, baba akakaa mbele yetu, Do upande wake wa kushoto, na kila mmoja akaimba sauti yake baba alipomnyooshea mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu. Majirani walitucheka, halafu watoto wao wakaja kuchungulia dirishani.

Ila Do hakuwepo. Mwaka 1996, watu walipokuwa wakishuka milima kuukimbilia mto Ruzizi, Eliane alikuwa na miaka minane na alitembea mbele ya baba. Risasi zikalia, umati ukatawanyika, na ulipokusanyika tena yeye hakuonekana. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimezaliwa safarini, nikakulia hapa, na jambo la kwanza nililojifunza kuhusu dada yangu ni kwamba lazima tumngoje. Mchungaji alimshauri baba tufanye ibada ya kumaliza msiba. Baba alikataa. Ncha ya kushoto ya benchi haikukaliwa na mtu. Kila mlo baba alinyoosha mkono pale, akangoja muda wa pumzi moja, kimya, ndipo akaenda kwa Ezira.

Nitasema wazi: kimya kile nilikichukia. Posho, ugali wetu wa hapa, ilipoa kwa ajili ya mtu ambaye sikumjua. Mimi Sol nilikuwepo kila siku, naimba kila siku, sikosei, na bado uso wa baba ulilainika kwa asiyeimba kuliko kwa anayeimba. Mtoto hawezi kushindana na mtu asiyekuwepo, maana huyo hana siku ya kuvunja kikombe.

Baba alipigwa na kiharusi Jumamosi moja ya mwaka 2014, katikati ya mazoezi. Mkono wa kushoto ulianguka, na wanaume wa besi, ambao yeye huwapanga kushoto, wakanyamaza wakidhani amewakatisha. Baba akaendelea kuongoza kwa mkono wa kulia, mdomo umepinda, anatabasamu, wala hakujua kwamba upande mzima wa korali umenyamaza. Wasoprano walianza kulia huku wakiimba.

Hospitalini Mbarara walimwokoa. Baada ya hapo alipelekwa kwa masista, ng'ambo ya mto Rwizi, kule Nyamitanga, afanye mazoezi ya mwili. Mprotestanti wa kufa na kupona kama baba kulala chini ya sanamu ya Bikira Maria, hilo lilimsumbua kuliko mkono. Wa kwenda kumtunza nilikuwa mimi. Ezira alikuwa na duka lake Misiera, Georgette alikuwa ameolewa Kabingo, Cyiza alikuwa anaendesha bodaboda. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na katika familia yetu masomo ya msichana ndiyo kazi rahisi kuacha. Niliacha. Sikuulizwa, lakini hata ningeulizwa ningekwenda, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na baba peke yangu.

Alikula nusu ya kulia ya sahani akasema chakula ni kidogo. Nikiizungusha sahani alishangaa kama mtu aliyeona muujiza. Alinyoa shavu moja. Nikisimama kushoto kwake nikimwita, aligeuka kulia kunitafuta. Musawo, yaani mtabibu, wa mazoezi, Annonciata, Munyankore mwenye Kiswahili cha kuokoteza na mikono yenye nguvu, alivuta kamba mbele yake akamwambia ashike katikati. Baba alishika karibu na ncha ya kulia. Kisha akamuuliza, bila kamba, katikati ya moja na tisa kuna namba gani. Baba akajibu saba, bila kusita, kama mtu anayetaja jina lake. Musawo akanigeukia.

"Macho iko sawa, masikio iko sawa," alisema. "Ni akili imesahau kama kuna upande hii."

Nikasema namba hazina upande. Nilijisikia nikisema maneno ya mwalimu wangu wa zamani. Musawo akanieleza kwa subira kwamba vichwani mwa wengi wetu namba zimejipanga mstari, ndogo kushoto, kubwa kulia, hata kama hatujui, na kwamba kwa watu wengi sauti za chini na za juu nazo zina pande zao. Ugonjwa wa baba ulikula upande wa kushoto wa kila kitu kilichopangwa, hata kilichopangwa kichwani tu. Nikamwomba baba aimbe solfa. Akaanza na mi. Nikamwambia aanze mwanzo. Akasema huo ndio mwanzo, na akaniuliza kama masista wameanza kunifundisha vibaya.

Siku nyingine musawo alimwambia afumbe macho, atembee kwa mawazo kutoka Base Camp, penye ofisi za kambi, mpaka kanisani kwetu, ataje anavyopita. Baba alitaja mashine ya kusaga, duka la Ezira, pampu ya maji. Vyote viko kulia. Musawo akamwambia sasa atoke kanisani arudi Base Camp. Baba akataja fundi cherehani Mrundi, shule, na nyumba ya mjane Nyirakamana, vitu ambavyo muda mfupi uliopita havikuwepo duniani, na mashine ya kusaga ikawa imetoweka. Nilicheka. Halafu nikakumbuka benchi letu, nikaacha kucheka.

Tuliporudi nyumbani, mlo wa kwanza, mama alitukalisha kama kawaida. Baba alinyoosha mkono wa kulia moja kwa moja kwa Georgette, aliyekuja kumpokea. Mi. Fa. Sol. Amina. Hakungoja. Ezira akainuka kwenye benchi, akavuta kigoda akaenda kukaa upande wa kulia, baba akamwona, akafurahi, akamuuliza alikuwa wapi. Ezira alikuwa na uso, na uso unaweza kuhamishwa. Eliane hakuwa na uso. Alikuwa na nafasi tu kwenye mstari, na nafasi hiyo imeliwa. Nilikaa nikingoja kile kimya nilichokichukia miaka yote, kisije, na nikaogopa.

Mama amemwita baba Papa Eliane tangu alipojifungua mara ya kwanza. Siku hiyo alimwita hivyo, baba akaitika. Mama akamuuliza Eliane ni nani.

"Njo vile bananiitaka," baba alisema. "Ni jina yangu."

Mama aliinua sufuria akaenda nayo nje, ingawa ilikuwa bado na chakula. Toka siku ile hakumuuliza tena.

Mungu ana saa zake, na mimi sizisifii. Mwanzoni mwa mwaka 2015, wale wanaotafuta watu waliopotea walipiga simu kwa Ezira. Kuna mwanamke katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, anatafuta wazazi kutoka milima ya Uvira. Wakampa mama simu. Mama hakuuliza kijiji wala ukoo. Aliuliza: baba yako alikuwa anakuita nani? Kule upande wa pili mtu alianza kulia, halafu badala ya kujibu akaimba sauti moja, ya chini, ndefu.

Eliane alifika Jumatano. Mama kijana, mrefu, kitenge cha kijani, Kiswahili chake cha Kigoma kimenyooka mpaka tukajiona washamba. Alikuwa amewaacha watoto wake kwa jirani na ilimpasa kuondoka Jumatatu. Mama alimshika toka mlangoni hakumwachia, akamwongoza mpaka kwenye benchi, akamkalisha kwenye ncha ya kushoto, mahali pake. Miaka yote tulikuwa tumempangusia vumbi pale. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Tulimweka dada yetu mahali pekee ndani ya nyumba ambapo baba hakuweza kumwona, tukasimama tukingoja baba afurahi.

Eliane aliimba do yake. Baba akageuza kichwa kulia, kuelekea mlangoni, akauliza nani anapita na redio.

Tulijaribu. Eliane alipiga magoti kulia kwa baba, akamshika mkono wa kulia, ule mzima. Baba alimkaribisha kwa adabu, akamuuliza safari, akamwita "mama" kama mgeni yeyote. Tukamwambia huyu ni Eliane, mtoto wako wa kwanza. Akacheka kidogo, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni, akasema watoto wake anawajua. Mama akasema basi akae kwenye benchi upande wa kulia, aonekane. Eliane akakaa mwisho, mahali pangu, nami nikasimama. Hapo baba alikasirika. Sauti yake ya korali ikamrudia.

"Ile ni fasi ya Sol. Mutu asikalie fasi ya mutoto wangu."

Nilifurahi. Sioni haya kulisema. Dada yangu alikuwa amesimama katikati ya nyumba, machozi yanamshuka, hajui akae wapi, na mimi moyoni nilikuwa naruka. Baba aliyeningojesha maisha yangu yote alikuwa ananitetea.

Ijumaa tulitwanga sombe, majani ya muhogo, mimi na Eliane. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea ubaridi lakini alikuwa anatwanga vizuri, na ni vigumu kumchukia mtu mnapopokezana mchi. Alisema sura ya baba hakuwa anaikumbuka kabisa, hata kule njiani alikuwa anaogopa kwamba hatamtambua.

"Mimi ninachokumbuka ni sauti yake," alisema. "Nilikuwa nimetangulia, yeye yuko nyuma ananiimbia do, nami naitikia, ili ajue nipo. Nikanyamaza mara moja tu. Nilikuwa nimechoka."

Akaendelea kutwanga. Nikamwambia ampe mchi Cyiza, aje tukae, akakataa, akasema kazi inamsaidia.

Mimi ndiye niliyeshindwa kutwanga. Neno nyuma lilinikaa. Besi walipokosea, baba alikuwa na tabia ya kuacha nafasi yake ya mbele, akaenda kusimama nyuma ya korali nzima, akiwaongoza wakiwa wamempa migongo. Alisema huko nyuma anasikia ukweli. Na mtu akisimama nyuma ya benchi letu, Do anakuwa kulia. Sawasawa na ile njia ya kutoka kanisani. Nililielewa mara moja, na mara hiyo hiyo nikaelewa jambo la pili: mstari ukigeuka, wa mwisho anakwenda kushoto.

Nililala nalo. Jumamosi nikamwambia mama. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia kwenye unga. Mama si mtu wa kuulizauliza, lakini aliuliza.

"Na weye utaikala wapi?"

"Kwa mwisho tu, mama. Kama siku zote."

Akarudi kukanda unga. Sikusema zaidi kwa sababu ningelia, na mama angenikataza, na Eliane angeondoka Jumatatu akiwa mgeni. Baba alikuwa amechoka sana siku zile, mdomo ulikuwa unapinda zaidi, na kila aliyemwona alijua hatuna mwaka. Mimi nilikuwa nimekuwa naye miaka yote. Nilikuwa nimemwosha, nimemlisha, nimemwimbia kule Nyamitanga mpaka masista wakatuomba tupunguze sauti. Eliane alikuwa na do moja na njia moja. Nilipiga hesabu hiyo usiku mzima na kila mara ilitoka vilevile, na kila mara niliuma shuka.

Jumapili baada ya ibada tuligeuza benchi litazame ukuta. Kiti cha baba tulikiweka nyuma yake, mlango ukawa kulia kwake. Georgette alikuwa amekuja kutoka Kabingo, Ezira alifunga duka. Nikamwinamia baba sikio la kulia nikamwambia korali inakosea, aje asimame nyuma asikie ukweli. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa kazini. Tukakaa. Eliane ncha ya kulia, halafu Ezira, Georgette, Cyiza, na mimi mwisho kushoto. Hakuna aliyegeuka. Niliutazama ukuta, udongo wake wenye nyufa, na nikasikia pumzi yake.

Akaimba do. Ilitoka dhaifu, imepinda kama mdomo, lakini ilikuwa ile ya chini kabisa, ambayo hakuwa ameiimba tangu augue.

Eliane akaitikia bila kugeuka.

Kimya kikaja. Kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyongoja utotoni. Kiti kikalia, baba alikuwa anajaribu kuinuka. Nikamsikia mama akimshika.

"Eliane," baba alisema. "Kumbe uko mbele yangu tu."

Dada yangu alilia kwa sauti ya mtoto wa miaka minane, naapa, si ya mtu mzima. Lakini hakugeuka, alikuwa anaogopa kugeuka, na baba akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa chake, akauacha pale. Ezira akaimba re. Georgette akaimba mi, sauti inakatika. Cyiza akaimba fa. Na baba akasema amina.

Akamshukuru Mungu. Alisema batoto bangu bote bane bamefika, na hakuna hata mumoja aliyebaki njiani. Aliwataja kwa majina, Eliane, Ezira, Georgette, Cyiza, na kila jina alilitamka polepole kama anayeonja. Cyiza alinitazama, akataka kusema, nikamfinya paja.

Nilijua itakuwa hivyo. Nilijua tangu Ijumaa. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukaa pale ukisikia jina la mwisho likipita na lako halipo ni kingine. Sikuweza. Nilikuwa nimepanga kunyamaza na sikuweza. Nikafumbua mdomo nikaimba sol yangu, jinsi alivyonifundisha, sikukosea, ila katikati kilio kiliingia kikaiharibu.

Baba akainua kichwa. Mkono wake wa kushoto, ule uliokufa, ulikuwa umening'inia karibu kabisa na bega langu. Akageuka kulia, kuelekea mlangoni, akasikiliza.

"Kuko mutoto analia inje," alisema. "Mumufungulie mulango. Aingie akule na benzake."

Halafu mama akainuka, akaenda, akafungua mlango, akasimama pale akiitazama njia tupu, kanga mdomoni. Mwanga ukaingia. Baba alikuwa bado ametega sikio, paji la uso limekunjamana, ana wasiwasi na mtoto wa watu. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikanyamaza, ili ajue kwamba mtoto ameingia.